Mazoea ya Kutangaza Bidhaa katika Mitandao ya Kijamii na Mitazamo ya Wafanyabiashara Wadogo kuhusu Mawazo Mapya ya Intaneti: Mfano wa Kariakoo, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna wafanyabiashara wadogo wanaochukua bidhaa zao Kariakoo, jijini Dar es Salaam, wanavyotangaza biashara katika mitandao ya kijamii, na jinsi mazoea hayo yanavyojenga mitazamo yao kuhusu mawazo mapya yanayoletwa na intaneti. Ufafanuzi umeongozwa na Nadharia ya Usambaaji wa Uvumbuzi iliyoasisiwa na Everett Rogers. Hoja kuu ni kwamba mfanyabiashara anayekataa wazo jipya mara nyingi hafanyi hivyo kwa ujinga wala kwa kuogopa teknolojia. Hupima ni nani atakayebeba hasara iwapo wazo hilo litashindwa. Wazo linaloweza kujaribiwa kwa gharama ndogo na linalobeba uaminifu uliokwisha kujengwa hupokelewa haraka, ilhali wazo linalodai kuaminiana kabla ya kufahamiana hukawia au hukataliwa kabisa. Makala inahitimisha kwa kuonesha athari za jambo hili kwa wanaotoa mafunzo ya biashara na kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Kariakoo ni kitovu cha biashara ya rejareja na ya jumla nchini Tanzania. Jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na jengo la soko kuu, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli, lilijengwa katika miaka ya 1970. Kuzunguka jengo hilo kumeota mitaa ya maduka ya nguo, viatu, vyombo, vifaa vya umeme na vipodozi. Wanunuzi hutoka mikoa yote ya Tanzania na nchi jirani kama Zambia, Malawi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa muda mrefu, kununua Kariakoo kulimaanisha kufika Kariakoo. Hali hiyo ilianza kubadilika baada ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, jambo lililopunguza utegemezi wa intaneti ya setilaiti iliyokuwa ghali. Wakati huohuo huduma za fedha kwa simu zilikuwa zimeanza kuenea: M-Pesa ilianzishwa Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Simu janja za bei nafuu zilipofuata, mambo matatu yalikutana mkononi mwa mtu mmoja, yaani picha, mazungumzo na malipo. Mfanyabiashara aliweza kuonesha bidhaa, kuijadili na kupokea fedha bila ya kumiliki duka.

Pamoja na mabadiliko hayo, upokeaji wa mawazo mapya haukuwa sawia. Uuzaji kwa njia ya WhatsApp na Instagram ulienea upesi, lakini tovuti za biashara, bei zilizoandikwa wazi na malipo ya kabla ya kupokea mzigo yameendelea kutiliwa shaka. Wapo wanaoieleza tofauti hiyo kwa kusema kwamba wafanyabiashara wadogo hawana elimu ya kutosha. Maelezo hayo hayatoshelezi, kwa sababu watu walewale wanaokataa tovuti ndio waliojifunza wenyewe, bila ya darasa lolote, kuhariri video, kupanga muda wa kutuma matangazo na kuendesha akaunti kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, sababu inapaswa kutafutwa kwingine.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Nadharia ya Usambaaji wa Uvumbuzi ilielezwa na Rogers katika kitabu alichokichapisha mwaka 1962. Mizizi yake imo katika tafiti za kilimo. Mwaka 1943, Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu wakulima wa jimbo la Iowa, Marekani, na namna walivyopokea mbegu za mahindi chotara. Ilibainika kwamba wakulima wengi walisikia habari za mbegu hizo kwa mara ya kwanza kutoka kwa wauzaji, lakini kilichowashawishi kuzitumia ni majirani zao. Vilevile, wengi hawakuzipanda katika shamba zima mara moja. Walianza na sehemu ndogo, wakasubiri mavuno, kisha wakaongeza eneo mwaka hadi mwaka.

Kwa kuzingatia tafiti za aina hiyo, Rogers alitaja sifa tano zinazoamua kasi ya kupokelewa kwa wazo jipya. Sifa hizo ni faida yake ikilinganishwa na njia ya zamani, upatanifu wake na mazoea na maadili ya watu, kiwango cha ugumu wake, uwezekano wa kulijaribu kwa kiasi kidogo, na uwezekano wa watu wengine kuyaona matokeo yake. Aidha, aliwagawa wapokeaji katika makundi matano: wavumbuzi asilimia 2.5, wapokeaji wa mapema asilimia 13.5, walio wengi wa awali asilimia 34, walio wengi wa baadaye asilimia 34, na wachelewaji asilimia 16.

Mgawanyo huo una udhaifu ambao Rogers mwenyewe aliujadili katika matoleo ya baadaye ya kitabu chake. Udhaifu wa kwanza ni kudhani kwamba kila jambo jipya ni jema na linafaa kupokelewa na wote. Wa pili ni kumlaumu mtu binafsi anapochelewa, badala ya kuuchunguza mfumo unaomfanya achelewe. Udhaifu huo unahusu pia kielelezo cha Fred Davis cha mwaka 1989, kinachoeleza kwamba mtu hupokea teknolojia akiiona ina manufaa na ni rahisi kutumia. Kielelezo hicho kilijengwa kwa kuwachunguza watumiaji wa programu za kompyuta za ofisini, ambao hawakuwa katika hatari ya kutapeliwa mtaji wao kila walipobonyeza kitufe. Kwa mfanyabiashara mdogo, hatari hiyo ndiyo kiini cha suala.

3.0 Mazoea ya Kutangaza Bidhaa

3.1 Stetasi na Mipaka ya Kufahamiana

Zoea lililoenea zaidi ni la kuweka picha za bidhaa katika stetasi ya WhatsApp, huduma iliyoanza katika umbo lake la sasa mwaka 2017 na ambayo hufuta picha baada ya saa 24. Kwa kawaida stetasi huonekana na watu waliohifadhiana namba za simu. Ndiyo maana muuzaji humwomba mteja mpya ahifadhi namba yake kabla ya jambo lingine lolote. Kanuni hii ya kiufundi imeoana na kanuni ya kijamii. Wanaoiona stetasi ni ndugu, majirani, wafanyakazi wenza, wanachama wa vikoba, waumini wa kanisa au msikiti mmoja, na wateja waliokwisha kununua. Hivyo basi, tangazo huwafikia watu wachache, lakini kila mmoja wao anajua pa kumpata muuzaji iwapo bidhaa itakuwa na kasoro.

Faida nyingine ni gharama. Mfanyabiashara anayenunua bando la siku hana sababu ya kulipia kitu kingine zaidi. Picha zisizovutia wateja hufutika zenyewe kesho yake, naye huanza upya bila hasara. Kwa mizani ya Rogers, stetasi ni kile kipande kidogo cha shamba ambacho mkulima wa Iowa alikijaribu kwanza.

3.2 Bei Isiyoandikwa

Zoea linalolalamikiwa zaidi na wanunuzi ni la kutoandika bei. Picha ya gauni huwekwa Instagram, na anayeuliza bei hadharani huelekezwa aende inboksi. Wanunuzi wengi huona kwamba muuzaji anampima mteja kabla ya kumtajia bei. Dhana hiyo ina ukweli wake, lakini haielezi jambo zima.

Kwanza, bei katika maduka mengi ya Kariakoo si namba moja. Kuna bei ya jumla, bei ya rejareja, bei ya mteja wa kudumu na bei ya mwisho inayofikiwa baada ya kupatana. Kuandika namba moja hadharani ni kuzifuta nyingine zote. Pili, muuzaji wa rejareja hutazamwa na washindani wanaochukua mzigo katika duka lilelile, na bei iliyoandikwa leo huwa shabaha ya kupunguzwa kesho. Tatu, bidhaa nyingi hutoka nje ya nchi, hususani China na Falme za Kiarabu, hivyo bei yake hufuata thamani ya dola. Nne, mazungumzo ya faragha humpa muuzaji namba ya simu ya mteja, na namba hiyo huweza kuleta mauzo mengine hata kama gauni lile halikununuliwa.

Hata hivyo, zoea hili lina gharama yake. Mnunuzi asiyetaka kupatana, au anayehofia kuonekana hana fedha, huondoka bila kuuliza. Muuzaji hawezi kumhesabu mteja wa namna hiyo, kwa kuwa hakuacha alama yoyote. Hapa hasara haionekani, na jambo lisiloonekana ni vigumu kulifanya kuwa sababu ya kubadili mwenendo.

3.3 Winga na Picha Isiyo na Mzigo

Kabla ya mitandao ya kijamii, mitaa ya Kariakoo ilikwisha kuwa na winga. Huyu ni mtu asiye na duka, anayefahamu bidhaa ipi inapatikana wapi, humwongoza mteja hadi dukani na kupata ujira wake kwa kuweka cha juu kwenye bei. Mitandao haikumwondoa winga, bali ilimpanulia uwanja. Sasa hupiga picha madukani kwa ridhaa ya wenye maduka, huziweka katika akaunti yake, na mteja anapoagiza ndipo huenda kununua bidhaa na kuisafirisha.

Mtaji wa winga ni uaminifu wa pande mbili. Mwenye duka humwamini kwamba ataleta wateja, na mteja humwamini kwamba atatuma kile kilichooneshwa. Tatizo hutokea pale picha inapopita mikononi mwa watu wengi. Winga mmoja huichukua kutoka kwa mwingine, na mtu wa tatu huiweka bila kujua kama bidhaa bado ipo. Mteja aliyelipia kiatu chekundu cha namba 40 huambiwa kimebaki cheusi cha namba 42, na kurudishiwa fedha huchukua siku kadhaa. Mara nyingi hapakuwa na nia ya kumtapeli, lakini kwa mteja matokeo hayatofautiani sana na ya utapeli. Zoea lililojengwa juu ya uaminifu huweza kuudhoofisha uaminifu huohuo.

3.4 Malipo na Usafirishaji

Ndani ya Dar es Salaam, utaratibu uliozoeleka ni wa mteja kulipa baada ya kupokea mzigo kutoka kwa dereva wa bodaboda. Hapa hatari humwangukia muuzaji, kwa sababu mteja anaweza kukataa bidhaa au kuzima simu ilhali nauli ya bodaboda imekwisha kutumika. Kwa wateja wa mikoani utaratibu hugeuka. Mteja hutangulia kulipa kwa simu, muuzaji hupeleka kifurushi kituo cha mabasi, kisha hutuma picha ya risiti pamoja na namba ya wakala wa basi. Hapa hatari humwangukia mteja.

Ili kupunguza wasiwasi, wauzaji wamejenga zoea la kuchapisha ushahidi. Huweka picha za risiti za mabasi, za vifurushi vilivyoandikwa majina, na za mazungumzo ambamo wateja wanashukuru kwamba mzigo umefika salama. Ushahidi huo hufanya kazi ya majirani wa Iowa, kwani humwonesha anayesita kwamba wengine wamejaribu na hawakupoteza fedha zao.

4.0 Mitazamo kuhusu Mawazo Mapya

Mitazamo ya wauzaji na wanunuzi haiwezi kueleweka bila kuzingatia uzoefu wao wa kutapeliwa. Watanzania wengi wamewahi kupokea ujumbe mfupi kutoka namba ngeni unaowataka watume ile pesa kwa namba iliyotajwa. Ujumbe huo hutumwa kwa watu wengi kwa kubahatisha kwamba baadhi yao walikuwa wanakaribia kumtumia mtu fedha. Serikali ilichukua hatua mbalimbali, zikiwamo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na usajili wa laini za simu kwa alama za vidole uliotekelezwa kufikia mwanzoni mwa mwaka 2020. Hata hivyo, fundisho lililobaki kwa watu ni kwamba mtu asiyefahamika akiomba fedha kwa simu, kinachotakiwa kwanza ni kumtilia shaka. Shaka hiyo ni maarifa yaliyopatikana kwa gharama, na haistahili kuitwa ushamba.

Kwa msingi huo, mawazo mapya yanaweza kupimwa moja baada ya jingine. Uuzaji wa mubashara, ambapo muuzaji huonesha bidhaa kwa video huku akijibu maswali papo hapo, ulipokelewa kwa urahisi. Unafanana na kunadi bidhaa sokoni, jambo ambalo wauzaji walikuwa wakilifanya tangu zamani. Mteja huona kitambaa kikigeuzwa, huomba kioneshwe karibu na mwanga, na husikia maswali ya wateja wengine. Upatanifu ni mkubwa, gharama ni bando tu, na matokeo huonekana na wote.

Matangazo ya kulipia katika Instagram na Facebook yamepokelewa kwa kusitasita. Kikwazo cha awali kilikuwa kadi ya benki, ingawa kadi pepe zinazotolewa kupitia huduma za fedha kwa simu zimekipunguza. Kikwazo kinachobaki ni kwamba tangazo la kulipia huleta wageni. Wageni huuliza maswali mengi, hununua mara chache, na hudai ushahidi ambao mteja wa kudumu hahitaji. Muuzaji anayefanya kazi peke yake hutumia saa nyingi kuwajibu watu wasionunua, na akipiga hesabu zake huona kwamba stetasi ya bure inamfaa zaidi.

Tovuti binafsi ndiyo wazo lenye upinzani mkubwa. Hulipiwa kila mwaka hata kama haikuuza chochote, haijaribiki kwa kipande kidogo, na majirani wachache tu wanaweza kuonesha mafanikio yake. Zaidi ya hayo, hulazimisha mambo mawili yanayopingana na mazoea, nayo ni bei moja iliyo wazi na malipo bila mazungumzo. WhatsApp ilipotoa programu ya biashara mwaka 2018, na baadaye kuongeza katalogi ya bidhaa, ilitoa sehemu ya manufaa ya tovuti bila ya kumwondoa muuzaji katika mazungumzo. Hiyo ndiyo sababu katalogi hupata nafasi pale ambapo tovuti hukosa.

Kuhusu picha zinazotengenezwa kwa akili unde, mtazamo una pande mbili. Picha hizo ni nzuri na rahisi kupatikana. Lakini soko hili limeegemea picha kama ushahidi kwamba bidhaa ipo. Picha isiyohitaji kuwapo kwa bidhaa huondoa thamani ya ushahidi huo kwa wauzaji wote, hata kwa yule asiyeitumia. Muuzaji anayeonesha kiatu kwa picha hafifu iliyopigwa kwenye rafu ya duka huweza kuaminika kuliko mwenye picha isiyo na doa.

5.0 Hatari Zilizojificha katika Mazoea

Kueleza busara iliyomo katika mazoea haya si kusema kwamba hayana hatari. Hatari ya kwanza ni kujenga biashara nzima katika uwanja wa mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp, zote zikiwa mali ya kampuni moja, zilizimika kwa takribani saa sita. Kwa Afrika Mashariki huo ulikuwa muda wa jioni na usiku, ambapo watu wengi hushika simu baada ya kazi. Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwamo. Aidha, muuzaji ambaye akaunti yake imedukuliwa au kufungwa hupoteza kwa siku moja orodha ya wateja aliyoijenga kwa miaka.

Hatari ya pili inahusu zoea la kuchapisha ushahidi. Picha za mazungumzo na risiti aghalabu hubeba majina, namba za simu na mahali wanapoishi wateja. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilikuwa imetunga ya kwake mwaka 2019. Kwa hiyo, jambo lilelile linalomfanya mgeni amwamini muuzaji linaweza kumweka hatarini mteja aliyetangulia. Utatuzi ni rahisi, nao ni kufunika jina na namba kabla ya kuchapisha, lakini hautafuatwa iwapo wauzaji hawataelezwa sababu yake.

Hatari ya tatu ni mabadiliko ya gharama yaliyo nje ya uwezo wa mfanyabiashara. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya fedha kwa simu, malalamiko yalikuwa makubwa, na ilipofika Septemba mwaka huohuo tozo hiyo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Tukio hilo liliwakumbusha wafanyabiashara kwamba hata wazo lililokwisha kupokelewa na kuzoeleka linaweza kugeuka kuwa ghali kwa usiku mmoja. Anayekumbuka hilo hukawia kulipokea linalofuata.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba mazoea ya kutangaza bidhaa mitandaoni yanayoonekana kuwa ya kubahatisha yana mantiki. Stetasi hulenga watu wanaofahamiana, bei isiyoandikwa huhifadhi nafasi ya kupatana, winga huunganisha duka na mteja wa mbali, na ushahidi uliochapishwa hufidia ukosefu wa kufahamiana. Mawazo mapya yanayoimarisha mambo hayo, kama vile uuzaji wa mubashara na katalogi, hupokelewa. Yanayoyapuuza, kama vile tovuti yenye malipo ya awali, hukawia.

Imedhihirika pia kwamba sifa tano za Rogers zinasaidia kueleza tofauti hizo, lakini neno mchelewaji halifai kutumiwa bila kuuliza ni hasara gani inayoogopwa na nani ataibeba. Katika biashara ya Kariakoo kwa njia ya mtandao, hasara hubebwa na muuzaji au mteja mmoja mmoja, na ni nadra kubebwa na kampuni inayoleta teknolojia.

Kutokana na hayo, wanaotoa mafunzo ya biashara wanashauriwa kuanza na kile ambacho mfanyabiashara anakifanya tayari, kisha kumpa hatua ndogo anayoweza kuijaribu. Kwa mfano, anaweza kuandika bei ya bidhaa tatu tu kwa mwezi mmoja na kulinganisha mauzo, au kunakili orodha ya wateja wake katika daftari ili asiipoteze pamoja na akaunti. Watunga sera nao wanashauriwa kuimarisha njia za mteja na muuzaji kurudishiwa fedha zao kunapotokea udanganyifu, kwa kuwa mtu mwenye uhakika wa kufidiwa huthubutu kujaribu jambo jipya. Mkulima wa Iowa hakuhitaji kuhubiriwa zaidi kuhusu mbegu. Alihitaji kipande cha shamba ambacho kikishindwa, familia yake bado ingepata chakula.